Prosesa Ndani ya Sweta

Naapa, tena naapa nikiwa nimekaa kitako na akili zangu zote ziko mahali pake, kwamba haya ni kweli tupu. Kama nimetia chumvi hata punje moja, basi lifti ya mwisho nitakayopanda duniani ishuke badala ya kupanda.

Na mimi nikiapa kwa lifti, mjue naapa kwa kitu ninachokijua. Ndiyo kazi iliyonizeesha. Nilikaa juu ya stuli ndani ya lifti ya jengo kubwa la maofisi, nikiwapandisha wakurugenzi na kuwashusha waliofukuzwa, hadi nilipostaafu. Shule yangu ilikuwa humo humo. Ukifungiwa lifti moja na mwanasheria, daktari na fundi bomba, ukanyamaza, unatoka na shahada tatu.

Kwa aliyechelewa kupanda: wiki iliyopita simulizi hii niliikatisha gari langu likiwa hewani.

Ulikuwa mchezo wa mbio za magari, ule tunaoucheza wastaafu kwa kompyuta kila Jumamosi, kila mtu kwake, tukisikizana kwa vipaza sauti vya masikioni. Naongoza. Nyuma yangu yuko shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mstaafu aliyegeuka kinyozi, mwenye mdomo mkali kuliko wembe wake. Nikaruka tuta, picha ikaganda. Gari likaning'inia angani kama shati kwenye kamba, shemeji akapita chini yake akiimba.

Sababu ni kwamba kompyuta yetu ni moja. Mimi nacheza, na humo humo ndani kazi ya mke wangu inajichapa. Mizigo miwili, mgongo mmoja.

Tangu siku hiyo shemeji hakuwa na wimbo mwingine.

"Shemeji, gari limeshatua au bado linaomba ruhusa uwanja wa ndege?"

Yeye ameweka prosesa mpya. Ina viini vinane, kama vichwa vinane vinavyofikiri kwa mpigo. Anavitaja hata akiwa ameshika kidevu cha mteja.

Nikaamua. Prosesa mpya, au nisiitwe mtu mzima. Kikwazo kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa kimekaa sebuleni kimevaa miwani.

Huyo ni mke wangu. Mimi namwita Katibu, kwa kuwa alikuwa katibu muhtasi wa mkuu wa shule, na alipostaafu aliacha kazi tu, cheo akaja nacho nyumbani. Siku hizi anatengeneza kadi za harusi kwa kompyuta ile ile ya mezani. Hakinunuliwi hata kijiko nyumba hii kabla hakijapita kwake.

"Katibu," nikaanza, "kompyuta yetu imechoka prosesa."

Hakuinua macho. "Prosesa ndiyo nini?"

"Ndiyo mwendesha lifti."

Akainua macho.

"Fikiria jengo lina lifti nne," nikamwambia. "Watu wakiwa wachache, raha mstarehe. Sasa waje wote kwa mpigo. Huyu kabeba kadi, huyu kabeba picha ya bibi harusi, huyu kabeba nyimbo zako unazosikiliza ukifanya kazi, huyu..."

"Huyu kabeba gari la mbio."

"Huyu kabeba hili na lile. Lifti nne hazitoshi! Foleni inafika barabarani. Lakini tukiweka lifti nane..."

"Au huyu wa gari la mbio apande ngazi."

Mnaona ninaishi na nani?

"Mimi nakufikiria wewe!" nikasema, mkono kifuani. "Una kazi kubwa mkononi. Ikikwama je?"

Hapo nilimgusa penyewe. Kazi ile ilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Kadi za harusi kwa mamia, kila moja na jina la mgeni wake, na waridi la rangi saba pembeni. Mwenye shughuli, mama wa bibi harusi, alikuwa na marafiki wengi wenye mabinti wasioolewa. Akiridhika, Katibu ana kazi za miaka. Asiporidhika, mji mzima utajua kabla wali haujaiva. Na alizitaka Jumamosi alasiri.

Katibu akavua miwani. "Sawa. Lakini sinunui kwa maneno ya mwendesha lifti. Aje fundi. Akisema prosesa, tutanunua prosesa. Akisema siyo, sitaki kulisikia neno hilo tena chini ya bati hili."

"Umenena!" nikasema. Nilikuwa na hakika kama mtu aliyeshika chenji mkononi.

Fundi akaja kesho yake, Katibu akiwa ametoka kwenda kuonyesha sampuli ya kadi. Ni binti mwembamba, mtaa mzima unamwita Bisibisi, kwa sababu bisibisi yake anaichomeka kwenye nywele kama kitana.

"Shikamoo, mzee. Mgonjwa yuko wapi?"

"Marahaba. Huyo hapo mezani."

Akatazama. Akazunguka meza. "Sioni kompyuta."

"Imo ndani."

Niwaeleze. Katibu hawezi kuvumilia kitu kikae uchi. Redio ina kitambaa. Friji ina kitambaa. Mtungi wa gesi una sketi ya marinda. Kompyuta yeye aliishonea joho kamili, kitambaa kizito chenye bitana, lesi pembeni, maua yamedariziwa kwa mkono, likafunika sanduku lote toka utosini hadi miguuni. Aliacha tundu moja la kuingiza kidole cha kuwashia, na upenyo mdogo nyuma wa kupitisha nyaya.

Bisibisi akaweka kiganja juu. Akakitoa mbio.

"Mzee! Mmeivisha sweta?"

"Joho."

"Inachemka! Prosesa ikizidiwa na joto inajipunguzia mwendo yenyewe isije ikaungua. Wewe ungeweza kukimbia mbio umejifunika blanketi?"

Akalivua. Akafungua ubavu wa sanduku, akapuliza. Likatoka vumbi la kutosha kupandia vitunguu. Akaipaka prosesa dawa mpya ya kupitisha joto, akafunga, akawasha.

Jamani. Jamani!

Nikaweka mbio. Huku naendesha, huku kurasa za Katibu zinajipanga, huku nyimbo zinaimba, na bado gari linateleza kama sabuni bafuni. Hakuna kuganda wala kuning'inia. Nikasimama nikacheza. Nikamshika Bisibisi mikono, naye akacheza, bisibisi ikaanguka.

"Basi, umepona," akasema akihema. "Prosesa hii haina ubaya wowote. Kwa kadi na kwa mchezo huu inatosha na kubaki. Ukinunua ya viini vinane utakuwa umenunua viatu jozi nne na miguu unayo miwili."

Furaha yangu ikakatika kama umeme.

"Kwa hiyo... sinunui?"

"Hununui."

"Hata kidogo?"

"Mzee, nimekuokolea gharama. Mbona unataka kulia?"

Angejuaje binti wa watu? Shemeji ana viini vinane. Mimi nikamwambie nini Jumamosi? Kwamba na mimi nimevua kitambaa? Angecheka hadi amkate mteja sikio.

Nikamsogelea. "Mwanangu, hapa mteja ni nani?"

"Wewe."

"Na mteja umeshamwambia ukweli?"

"Nimekuambia."

"Basi kazi yako imekwisha salama. Habari za kumfikishia Katibu niachie mimi."

Akanitazama kwa jicho moja. "Mzee, mimi sidanganyi mtu."

"Nani kakwambia udanganye? Nenda zako kwa amani."

Akaenda akitikisa kichwa. Nami nikairudishia kompyuta joho lake, nikalikaza hadi kwenye kidevu.

Katibu aliporudi alinikuta nimevaa sura ya msibani.

"Fundi kasemaje?"

"Kasema ni prosesa." Nikashusha pumzi. "Imezeeka. Kaniambia, 'Mzee, mwacheni huyu apumzike.'"

"Kasema hivyo?"

"Machozi yalimlenga."

Katibu akaligusa sanduku kama anayempima mtoto homa. "Na joho langu kaliona?"

"Kaliona? Kalisifu mno! Kasema hilo ndilo lililoipa uhai mpaka leo."

Hapo ndipo nilipozidisha. Mwongo mwenye busara anajua ghorofa ya kushukia. Mimi napitiliza kila siku.

Uso wa Katibu uling'aa kama sahani ya mgeni. Hakula hata chakula. Alitoa sanduku la nyuzi, akaongeza bitana ya pili, na ule upenyo mdogo wa nyuma zilikotokea nyaya akauziba kwa lesi.

"Isije ikapigwa na baridi," akasema. "Mgonjwa wa watu."

Asubuhi kompyuta iligeuka konokono.

Katibu anabonyeza, anasubiri. Anakwenda kuchemsha chai, anainywa, anaosha kikombe, anarudi, waridi limetokea nusu. Anabonyeza tena, nusu iliyotokea inapotea.

Simu ikalia. Mama wa bibi harusi.

"Mama, kadi zangu?"

"Zinakuja."

"Zinakuja kwa miguu?"

Katibu aliweka simu chini taratibu. Mwanamke huyu alilinda mlango wa mkuu wa shule miaka na miaka, na hata wakaguzi waliomba ruhusa kwake kabla ya kukohoa. Hakuna aliyewahi kusema naye hivyo. Akakaa kimya. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nikaanza kutafuta pa kushika.

"Nimeamua," akasema.

"Prosesa!" nikaruka.

"Naiuza. Yote. Kwa kilo, kama chuma chakavu. Fundi mwenyewe kasema apumzike, kwa nini tumtese? Ikifika jioni kurasa hazijakamilika, naichukua kazi naipeleka kwa yule bwana wa duka la uchapaji, nimwombe radhi mama wa watu, na mimi nirudi kufuma vitambaa."

Alisema bila hasira. Ingekuwa afadhali angefoka. Niliona mkono wake unavyoshika ile sampuli ya kadi, kwa ncha za vidole, kama kitu cha kurudisha kwa mwenyewe.

Sasa nipimieni. Nikisema kweli, prosesa mpya nimeikosa maisha, na uongo wangu umevuliwa nguo. Nikinyamaza, kompyuta imekwenda, mbio zimekwenda, na kazi ya mke wangu imekwenda kwa bwana wa duka. Njia zilikuwa mbili. Nikachagua ya tatu, ambayo haikuwepo.

"Kaa, mke wangu," nikasema. "Endelea na kazi. Una jasho. Mimi nitakupepea."

"Wewe?"

"Mimi."

Nikakata kipande cha boksi, nikasimama nyuma yake. Sanduku la kompyuta lilikuwa pembeni ya meza, nyuma kidogo ya bega lake. Mkono wa kulia unapepea shingo ya Katibu. Mkono wa kushoto umenyanyua pindo la joho na kulibana kwa vibanio vya nguo. Kisha nikapata mdundo: moja ya mke, mbili za mashine. Moja ya mke, mbili za mashine.

Waridi likachomoza zima.

"Ee!" Katibu akaruka kitini. "Imezinduka!"

"Ni utulivu wako."

Ukurasa ukaja. Ukaja mwingine. Vidole vya Katibu vikaanza kukimbia, akaanza na kuimba kidogo kidogo puani, kitu ambacho hafanyi mpaka mambo yawe mazuri.

Nikabanwa na haja ndogo. Nikatoa vibanio asivione, nikaenda. Sijafika hata mlangoni:

"Baba! Rudi! Ukiondoka inalala!"

Nikarudi. Nikapepea. Ikaamka.

"Una baraka za mkono wewe," akasema.

"Hujawahi kuniambia."

"Hujawahi kunipepea."

Akageuka akanitazama. Yalikuwa macho ambayo sikuyaona tangu enzi zile alipokuwa akija jengoni, akipanda lifti yangu hadi ghorofa ya juu kabisa, akishuka tena nami hadi chini, na hana shughuli yoyote huko juu. Mkono ulikuwa unawaka moto begani. Lakini kilichoniuma hakikuwa bega.

Nilifungua mdomo niseme kweli. Naapa nilifungua.

Simu yangu ikalia. Shemeji.

"Jumamosi unakuja, au unaleta cheti cha daktari?"

Ulimi wangu haunisubiri, mnaujua. "Nakuja na viini vinane vyangu!"

Nikamwangalia Katibu. Nilitegemea anirushie kiatu. Badala yake alitabasamu, akanipapasa mkono ule ulioshika boksi.

"Tutanunua, mzee wangu," akasema. "Kadi zikiisha tu, tutakununulia."

Mmesikia? Tutakununulia! Nusura nimpepee mara tatu kwa mpigo. Na ile kweli iliyokuwa imefika mlangoni mwa meno, nikaimeza na mate.

Siku iliyofuata nilitoka asubuhi kwenda kwa kinyozi. Nywele sina. Nilikwenda kutamba.

"Dada yangu kakubali?" Shemeji akasimamisha wembe hewani. "Wewe umemfanya nini? Mimi toka utotoni sijawahi kumtoa hata peremende."

"Akili, shemeji."

"Akili zako hizi hizi?"

"Hizi hizi. Jumamosi uje na leso. Ya kulilia."

Wateja wote wakacheka, hadi yule mwenye povu likamwingia mdomoni. Nikarudi nyumbani napiga mluzi, natembea katikati ya barabara kama barabara ni ya baba yangu.

Nikaingia sebuleni. Mluzi ukakatika.

Kompyuta ilikuwa uchi.

Joho lilikuwa dirishani nje, kwenye kamba, linachuruzika maji. Katibu amekaa, mikono amekunja mapajani. Mezani kuna rundo la kadi, zimechapwa, zimekatwa, zimepangwa.

"Nimelivua nilifue," akasema kwa sauti ya upole. "Mgeni anakuja kesho, lilikuwa na vumbi."

"Umefanya vizuri," nikasema.

"Na kadi zimeisha. Zimetoka zote, puu! Nadhani baraka zako zilibaki humo ndani."

Nikapumua. Hajajua! Nikavuta kiti. "Baraka hukaa, Katibu. Zinakaa hata siku mbili."

"Hebu niambie tena, fundi alisemaje juu ya prosesa? Nataka nimweleze mdogo wangu."

Mtu mwingine angesema kwa ufupi. Mimi niliona nimepewa jukwaa.

"Alisema hajapata kuona prosesa iliyozeeka hivi. Aliishika mkononi, ikakohoa. Akasema, 'Mzee, hii imefanya kazi ya watu wazima.' Akavua kofia."

"Ana kofia?"

"Siku ile alikuwa nayo. Akavua, tukasimama kimya kidogo, mimi na yeye. Kisha akaniambia, 'Joho hili lisitoke kamwe. Likitoka, hii haifiki jioni.'"

"Na machozi?"

"Yalimtiririka hadi nikampa kitambaa."

Rundo la kadi likasema:

"Shikamoo, mzee."

Nami, kwa adabu niliyofunzwa, nikaliitikia rundo la kadi: "Marahaba."

Katibu akainua kadi za juu. Chini yake ilikuwa simu yake, imewashwa, sauti imefunguliwa yote.

"Mzee," ikasema sauti ya Bisibisi, "kitambaa ulichonipa nikurudishie lini?"

Akakata. Alikuwa anacheka, nilimsikia.

Katibu hakucheka.

"Nilimpigia asubuhi," akasema, "nimwagize hiyo prosesa. Nilitaka ukirudi uikute hapa mezani, nimeifunga na karatasi ya maua. Akaniuliza, 'Mama, prosesa ya nini? Vueni sweta.'"

Lifti ilikuwa imefika chini, na milango haifunguki.

"Nimepepewa mchana kutwa," akaendelea, "nikajua napendwa."

"Unapendwa!"

"Napendwa mimi au linapendwa sanduku?"

"Wote wawili," nikasema.

Wanaume wenzangu, jibu hilo msilijaribu.

Akasimama. Akaenda kabatini, akarudi na furushi, akalimwaga mbele yangu. Ni tepe za hariri, nyembamba, rangi ya maziwa, zimejaa mezani na nyingine zinaning'inia hadi sakafuni.

"Kila kadi inafungwa utepe. Fundo la kipepeo, kwa mkono, masikio mawili yanalingana. Nilikuwa nizifunge mimi. Lakini wewe ndiye mwenye baraka za mkono."

"Zote?"

"Zote. Kesho alasiri mwenyewe anazifuata. Masikio yakipinda, unafungua unaanza upya."

"Katibu, kesho ndiyo mbio!"

"Najua."

"Nisipoingia, shemeji atatangaza mtaa mzima kwamba nimekimbia!"

"Hutakimbia." Akavaa miwani yake. "Kiti chako hakitakaa kitupu."

Sikumwelewa. Nilimwelewa Jumamosi.

Jumamosi nilikuwa sakafuni, nimekunja miguu, kadi upande huu, tepe upande ule. Kidole kilichobonyeza vitufe maisha yote hakijui fundo. Nikivuta sikio la kulia, la kushoto linatoroka. Nikilishika la kushoto, fundo lote linayeyuka. Na kila nikimaliza moja, rundo linanitazama kana kwamba sijagusa kitu.

Juu yangu, kwenye kiti changu, ameketi Katibu. Kavaa vipaza sauti vyangu juu ya kilemba. Na sauti ya spika kaifungulia, nami nisikie.

"Shemeji, upo?" Kinyozi akaanza. "Mbona kimya? Viini vinane vimekumeza ulimi?"

Katibu akaweka kidole mdomoni, akanikazia jicho. Nami ni nani? Nikafunga utepe.

Taa ya kijani ikawaka. Magari yakatoka. Gari langu likatoka kinyumenyume, likagonga ukuta wa matairi.

"Hahaa! Hiyo ndiyo prosesa mpya?" Shemeji alicheka hadi spika ikakwaruza. "Imewekwa juu chini!"

Nikashika kichwa. Jina langu, jamani! Katibu akanyanyua mabega, akatafuta gia, akaliruhusu gari. Akapita mmoja. Akapita wa pili. Anaingia kwenye kona kama anayekunja shuka, bila kelele, pembe kwa pembe.

"Hayo umejifunzia wapi?" nikamnong'oneza.

Akafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Dereva wa lori la shule alikuwa mgonjwa mgonjwa. Unadhani nani alikuwa analeta madawati?"

"Hujawahi kuniambia!"

"Ungenyamaza lini nikuambie? Funga utepe."

Mzunguko wa pili kicheko cha shemeji kikapungua. Wa tatu kikafa kabisa.

"Shemeji, leo umekula nini?"

Katibu akaongeza mwendo.

"Shemeji, punguza, mimi ni ndugu yako!"

Magari mawili yakawa sambamba, kioo kwa kioo. Picha haijaganda, haijatetemeka, inateleza tu. Katibu akainama kwenye skrini, akanirushia maneno bila kugeuka:

"Prosesa iko salama salimini, mzee. Kilichokuwa kinahitaji kubadilishwa ni dereva."

Hakuwa amefunika kipaza sauti.

Spika ikalipuka. "Dada? Dada, ni wewe? Hii haramu! Mashindano ni ya wastaafu!"

"Na mimi nimestaafu nini, kunyonyesha? Tazama mbele, mdogo wangu, utaanguka."

"Shemeji yuko wapi? Nipe shemeji!"

"Ana kazi."

Mzunguko wa mwisho. Nikasimama magotini, utepe umenizunguka shingoni, sijui nimshangilie nani. Akishinda, mtaa mzima utajua ni nani alikuwa anaiangusha kompyuta. Akishindwa, jina lililoandikwa juu ya gari lile ni langu.

Mlango ukagongwa.

"Hodi! Nimefuata kadi zangu, nimewahi kidogo, nina haraka!"

Mama wa bibi harusi. Nikaangalia zilizofungwa. Nikaangalia zisizofungwa. Hizi za pili zilinishinda kwa urefu.

Nikanyanyuka.

"Kaa chini," akasema Katibu, macho kwenye skrini. "Funga."

"Na mlango atafungua nani?"

Kitasa kilikuwa kimeshaanza kuzunguka, na hapo ndipo ninapowaacha hadi wiki ijayo.